Mkeka wa Mteremkoni

Kinanira, Bujumbura
20 Julai 1996

Mama Candide,

Nakusalimu wewe, Candide na mjukuu wako Bella. Twalibu, yule muuza spea wa Buyenzi, ameishona barua hii ndani ya koti lake na ameapa kukupa mkononi huko Kigoma. Kwa hiyo naandika wazi, nawe ukimaliza uichome.

Majani yote ya mteremko yamekauka isipokuwa pale. Mvua ilikoma mwezi wa tano, nyasi zikawa njano, sasa zina rangi ya udongo kutoka ukuta wa nyuma hadi korongoni. Lakini pale tulipomlaza mumeo, Mzee Hyacinthe, vile vichaka vifupi tulivyovitoa mlimani na mizizi yake na kuvipanda juu yake vimebaki kijani. Vimeshikana vizuri, kama ulivyotaka. Sasa ni kipande cha kijani chenye urefu wa mtu na upana wa mtu, na kituo cha askari kiko ng'ambo ya korongo, wanatutazama mchana kutwa.

Unajua wanachotafuta. Wiki iliyopita walichimba kwa jirani kwa sababu waliona udongo mpya, wakidhani bunduki zimefukiwa. Lilikuwa shimo la takataka. Juzi mmoja wao, anaitwa Valéry, akavuka kuja kuniuliza: "We mutu wa bustani, kile kijani kule ni nini? Mbona kwingine kumekauka?" Nikamwambia ni dawa ya tumbo ya Mama mwenye nyumba. Akachuma majani, akaenda zake. Leo amerudi kuchukua mengine, anasema yamemsaidia. Sijui nicheke au nilie.

Mama, siku wakija kumi hawatauliza dawa ya nini. Watachimba. Wakimkuta watauliza ni nani, aliuawa na nani, na kwa nini tulimzika nyuma ya nyumba bila kumpeleka makaburini. Mwaka huu maswali hayo hayana jibu linaloziridhisha pande zote mbili. Niving'oe?

Byamungu


Kigoma
11 Agosti 1996

Byamungu,

Usiving'oe. Nimesoma barua yako mara tatu na kosa ni langu, wala usinifariji. Miaka ishirini na sita nilisimama mbele ya ubao nikifundisha watoto wa watu kwamba kichaka hiki ni cha milima yetu, hakizidi goti, hakipukutishi majani, na kikishashika hakimwombi mtu maji. Nilikichagua kwa sababu hizo hizo, kimfunike Mzee upesi, mvua isimfukue. Halafu nikasahau kiangazi. Nimemficha kwa kitu ambacho kiangazi kinakionyesha. Mwalimu gani huyo?

Sasa sikiliza la kufanya. Kwanza mwaga nyasi kavu na uchafu wa bustani juu yake, kama mtu anayekusanya vya kuchoma. Mvua zikianza, panda mteremko mzima. Mzima, Byamungu, kutoka ukutani hadi korongoni. Kila mahali pakiwa kijani, pale patakuwa kama pengine.

Mlimani usiende tena, najua njia imefungwa. Kata vipande pale pale juu ya Mzee, yeye hakuwa mchoyo. Chagua tawi lililoacha ulaini lakini halijawa kuni, urefu wa kiganja chako. Toa majani ya chini, lisimamishe kwenye mchanga wa mtoni ndani ya makopo ya nyanya, kivulini, majuma sita. Ukilivuta kidogo likakataa, lina mizizi. Panda kwa mistari inayopishana, hatua moja kati ya kichaka na kichaka, ili maji ya mvua yasipate njia moja ya kukimbilia. Usitie mbolea, kitarefuka na kulegea. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha, mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo kiache na shida zake.

Weka alama ya mahali alipo, lakini iwe alama ambayo wewe utaijua na askari hataiona.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kirundi chako, baada ya miaka kumi na miwili nyumbani kwangu, bado ni cha kununulia nyanya. Mzee alikuwa akikucheka sana. Nimechoka, Byamungu. Hapa kwa Candide ni pazuri na sitaki kuwa hapa.

Daphrose


Kinanira
3 Februari 1997

Mama Candide,

Twalibu alikwama huku kwa sababu ya vikwazo vya biashara, ndiyo maana nimekaa kimya. Koti lake lilirudi mwezi wa tisa na barua yako ikinuka samaki, lakini ilisomeka.

Nimepanda. Makopo niliyapata kwa akina mama wa mgahawa, mia tatu na zaidi, nikayapanga kivulini nyuma ya jiko. Vichaka kama sitini vimekufa karibu na mfereji, nitavirudishia. Vingine vimeshika. Jirani yetu Dévote ananishangaa, anasema watu wanatafuta pa kupanda maharage na mimi napanda kitu ambacho hata mbuzi anakipita. Nikamwambia Mwalimu ameagiza. Akasema basi, walimu ndivyo walivyo. Naye Valéry amewaambia wenzake wote kwamba ni shamba la dawa, na wakati wa kunyoosha mistari alikuja kunishikia kamba upande wa pili. Alisimama juu ya Mzee muda wote huo.

Alama nimeweka hivi: mawe matatu meupe, kichwani, kiunoni na miguuni, nimeyafukia yakabaki kama yai linalochungulia. Tena ni hatua tisa kutoka kwenye mparachichi ukishuka moja kwa moja kuelekea korongoni. Hatua zangu, si zako.

Mke wangu Nsimire alikuwa Bukavu vita vilipoingia kule mwezi wa kumi. Sina habari yake. Naomba usiniulize kila barua. Nikipata nitaandika.

Byamungu


Kigoma
15 Septemba 1998

Byamungu,

Usinicheke kwa mwandiko huu mkubwa wa darasa la kwanza, taa ya hapa ni mbovu.

Révérien, mdogo wake Mzee, ananiandikia kutoka Ngozi. Anataka tufanye kuganduka, tumalize matanga, familia ipumue. Ana haki. Zaidi ya miaka miwili nimefunga kitambaa cheusi, sijaenda harusini, sijacheka mbele za watu, hata Bella ameanza kutembea kwa kunyata kama mtoto wa nyumba yenye mgonjwa. Wenzangu hapa wananiambia nifanyie huku huku Kigoma, pombe ni pombe na maneno ni maneno. Nimekataa. Sikumlilia siku ile, nilikuwa nashika koleo pamoja nawe na mvua inanipiga. Nataka matanga yaishie pale alipo yeye, nimwambie mwenyewe kwamba sasa naacha. Vinginevyo nitakuwa nimemtoroka mara mbili.

Kwa hiyo tunza mawe yako matatu. Ndiyo kitu pekee ninachokuomba.

Na Nsimire? Nimeuliza mara moja tu kwa miaka miwili, usinikasirikie.

Daphrose


Kinanira
28 Agosti 2000

Mama Candide,

Mtu wa Walungu aliniambia mwaka jana. Waliingia msituni kundi zima wakikimbia, wengine wakatoka upande wa pili, Nsimire hakutoka. Wapi hasa, hakuna anayejua. Ndiyo hiyo habari. Turudi kwenye mteremko.

Mvua imetukosa misimu miwili. Bomba linatoa maji mara moja kwa juma, na siku hiyo linakohoa kwanza. Migomba ya Dévote imelala chini, maua ya matajiri kule juu yamekuwa vijiti. Mkeka wako uko vile vile. Ndivyo watu wanavyouita siku hizi, mkeka wa Mwalimu. Umeziba udongo wote, hakuna nafasi ya kuingiza kidole, na tangu umeshika, ukuta wa nyuma haujapata ufa mwingine. Hata Dévote amekuja kuomba matawi. Amejidai ni ya shemeji yake.

Mwezi wa tano ilitoka amri kwamba kila kitu mteremkoni kinachozidi goti kikatwe, wasiingie watu wa kujificha. Walikuja na fimbo ya kupimia. Walikata ua, mipapai, na ule mparachichi. Mkeka waliupima mahali pengi, fimbo ikaupita kwa vidole viwili. Mkubwa wao akasema, "Hii iache, hapa hata paka ataonekana." Nilikuwa nimesimama pembeni na panga mkononi, nikajifanya nakata kuni.

Mawe yapo. Usiwe na wasiwasi.

Byamungu


Kigoma
9 Januari 2005

Papa Byamungu,

Anayeandika ni mimi Bella, nina miaka kumi na saba sasa. Bibi anasema na mimi naandika. Anasema nianze na ukweli: taa haikuwa mbovu. Ni macho. Yalianza kufifia kabla ya mwaka tisini na nane, na sasa anaona mwanga wa mlango tu. Hakukuambia kwa sababu ungeanza kumhurumia, na wewe ukimhurumia mtu barua zako zinakuwa fupi.

Anasema: Nimesikia kwenye redio kwamba watu wanarudi. Nitakuja Julai, na Bella, na Révérien atatoka Ngozi. Tutafanya kuganduka pale pale. Msalaba Candide ameshautengenezesha, wa mninga. Fyeka kidogo kuzunguka mawe matatu ili nisijikwae, unikamate mkono, unipeleke. Miaka tisa, Byamungu. Nimechoka kuwa mjane wa mahali ambapo sijarudi.

Daphrose, kwa mkono wa Bella


Kinanira
20 Februari 2005

Mama Candide,

Mawe hayapo.

Nilikuandikia kwamba yapo, na siku ile yalikuwapo mawili. Baada ya ule ukame mvua zilirudi kwa hasira mwisho wa mwaka, udongo ukateremka kutoka chini ya ukuta. Mkeka uliushika, nyumba haikuanguka, lakini tope lilimwagika juu ya kila kitu na vichaka vikaota kupitia tope lile, vikafungana upya. Kisiki cha mparachichi watu walikichimba wakachome makaa, na tope likasawazisha hata shimo lake. Zile hatua zangu tisa sina pa kuzianzia. Nimejaribu kutoka ukutani, nimejaribu kutoka mferejini. Kila nikisimama, chini yangu ni kijani, na kijani ni kile kile.

Nimempoteza Mzee. Siyo kwa uzembe, Mungu ananiona. Nilimficha vizuri kupita kiasi. Miaka minne nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Nilisema moyoni labda hutarudi, na nikaona haya kwa kuwaza hivyo.

Nikisema nianze kuchimba, nitaharibu mkeka wote na ukuta utashuka. Niambie nifanye nini. Nawe ukisema nitoke kwenye nyumba yako, nitatoka.

Byamungu


Kigoma
30 Machi 2005

Papa Byamungu,

Bibi alikaa na barua yako mapajani siku mbili. Hiyo naongeza mimi, Bella. Siku ya tatu akaniita niandike haya.

Anasema: Usichimbe, na usitoke popote. Utoke uende wapi?

Anasema: Uliyasahau masomo. Vichaka vya juu ya Mzee tulivitoa mlimani vikiwa vizee, na mizizi yake. Vya kwingine kote ni vipande vya tawi ulivyotia kwenye makopo. Kilichotokana na tawi hakina goti. Cha porini kina goti pale shina linapoingia ardhini, fundo gumu kama kifundo cha mguu. Kwa juu havitofautiani, ni kwa kupapasa tu. Usinitafutie. Nakuja mwenyewe. Macho yamekwenda, vidole bado ni vya mwalimu.

Daphrose, kwa mkono wa Bella


Kinanira
2 Agosti 2005

Mama Candide,

Nashukuru kusikia kwa Twalibu kwamba mmefika salama na kwamba gari halikuwasumbua. Huku ni kiangazi na mkeka uko kijani. Msalaba umesimama imara, nimeukandamiza kwa mawe. Révérien amefika Ngozi, ametuma salamu. Dévote anasema hajawahi kuona kuganduka ambako mwenye matanga alikula vizuri vile. Mimi pia nilifurahi kukuona bila kitambaa. Nywele zako zimekuwa nyeupe zote na zinakupendeza.

Byamungu

(Ukurasa wa pili. Bella, huu ni wako. Usimsomee Bibi.)

Mwanangu Bella,

Ulikuwapo. Ulimwona Bibi alivyoanzia ukutani saa mbili asubuhi, kwa magoti, mkono mmoja umeshika wako na mwingine unaingia chini ya majani, shina kwa shina. Ulimsikia akisema "apana", "apana", kila kichaka, bila kuinua sauti. Karibu na saa sita akasimama, akasema, "Ni hapa. Muite Révérien." Tukamwaga pombe, Révérien akasema maneno ya kumaliza matanga, Bibi akavua kitambaa na kunikabidhi mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipumzika namna ile.

Alinikataza kutafuta kabla. Hakunikataza baada. Mlipoondoka sikuweza kutulia, nikaanza na vidole vyangu pale penye msalaba. Hakuna goti hata moja. Nikaendelea kushuka, siku nne. Hatua sita chini ya msalaba, upande wa mferejini, nikakuta vichaka vinne vina goti vile vile alivyosema, na chini ya kimoja, ndani ya tope kavu, jiwe langu jeupe.

Kwa hiyo msalaba umesimama mahali ambapo hapana mtu. Niuhamishe kimya kimya? Au niuache, kwa kuwa yeye ameridhika? Mimi nimechoka kumficha mambo, lakini kumwamsha mtu aliyekwisha kupata usingizi nako ni dhambi. Wewe unakaa naye, niambie.

Na jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Wakati anapapasa yale mashina nilimwonea wivu Bibi yako, Mungu anisamehe. Yeye alikuwa na mteremko wa kutafutia. Mimi kwa Nsimire sina hata pa kupiga magoti.

Byamungu


Kigoma
21 Agosti 2005

Papa Byamungu,

Nisamehe. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikanyamaza. Bibi akanyoosha mkono, akazishika karatasi, akasema ziko mbili na umesoma moja. Ningefanya nini? Nikamsomea. Akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake.

Byamungu, najua. Vidole viliniambia kwamba si pale. Ila magoti yangu yalikwisha kukataa, jua lilikuwa limewapiga watu wote tangu asubuhi, Révérien na kisukari chake hakuwa amekula, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu kama mtu anayengoja hukumu. Nilikusikia huvuti pumzi. Nikasema ni hapa. Niliyoyasema baada ya hapo yalikuwa kweli: nimeacha, nimemwambia, matanga yameisha. Mzee alikuwa haji mezani mpaka aitwe mara tatu, lakini alinisikia hata akiwa chumba cha mwisho. Kwa hatua sita amenisikia.

Msalaba uhamishe leo, bila maneno mengi.

Lakini pale niliposimama usipaache bure, ndipo nilipovua kitambaa changu. Kata matawi kwenye vile vichaka vinne vya Mzee, yaliyoacha ulaini lakini hayajawa kuni. Anza makopo sasa ili uziwahi mvua. Upapande upya pale, uweke jiwe, kubwa na jeupe, hakuna tena wa kumficha. Pawe pa Nsimire. Nyumba ni yangu, hati ninayo, na Candide amekubali.

Révérien nimekwisha kumwandikia. Atakuja Desemba kukusemea wewe yale aliyonisemea mimi. Siku hiyo utakaa kwenye kiti na utahudumiwa, hutabeba hata glasi moja. Miaka yote hii umekaa matanga umesimama, ukishika panga, ukinitunzia ya kwangu, na mimi nikadhani hujaumia kwa kuwa uliniomba nisiulize.

Usisahau: maji ya kuoshea vyombo, mwaka wa kwanza tu.

Daphrose, kwa mkono wa Bella